Kijiti cha Beryl

"Handaki hili," alisema Desmond Arkley, "linapita chini ya mawe aliyoyapanga Beryl."

Wageni, vikombe vya chai mkononi, wakainamisha vichwa kana kwamba wanaonyeshwa kaburi la mfalme. Lilikuwa bomba la maji machafu lililopakwa rangi, la kupitishia treni yake ndogo ya mvuke bustanini.

Desmond hakusikia kitu moyoni. Tangu wamzike mkewe, Beryl, mwezi wa Februari, alikuwa akijiendea tu kama saa iliyotiwa ufunguo. Akawaonyesha daraja juu ya bwawa la samaki, kijiji cha nyumba zisizofika magotini, na padri wa plastiki aliyenyewa na ndege. Treni yenyewe ilisimama stesheni, ikifoka mvuke, haiendi popote.

"Baba, iendeshe basi!" binti yake Philippa akamnong'oneza. "Tulikubaliana. Isipotembea leo, yule mnunuzi wa kutoka Leeds anakuja kuing'oa reli yote."

"Sina kijiti."

"Shika chochote! Shika kijiko!"

"Kijiko si kijiti."

Kwenye reli ya njia moja, dereva haondoki mpaka msimamizi wa stesheni amkabidhi kijiti, treni mbili zisije zikagongana. Desmond alikuwa na treni moja. Hata hivyo, miaka yote Beryl alisimama kando ya lundo la mboji, akampa kijiti cha shaba, akakipokea treni ikirudi, akakitia mfukoni mwa koti lake la bustani. Alipokufa, Philippa alilikomba kabati lake kwa haraka ya mtu anayekwepa kulia, akapeleka kila kitu kwenye duka la mitumba la kanisa. Desmond alipoulizia koti, lilishauzwa.

Ungedhani wageni watacheka. Thubutu! Wale ni Waingereza.

"Ana haki," mzee mmoja akasema. "Bila kijiti, haiondoki."

Wenzake wakaafiki, wakaongeza chai, wakajadili mawingu.

Mvuke ukaanza kufifia. Philippa akatoa simu ampigie yule mnunuzi. Ndipo Desmond akamwona jirani yao, Bibi Hislop, akijipakulia keki nyingine, amevaa koti la kijani lenye kiraka cha bluu kiwikoni. Kiraka kile alikishona Desmond mwenyewe.

Akangoja kifua kimuume. Hakikuuma.

"Bibi Hislop, mfuko wa kushoto una kitu?"

"Umetoboka, mpenzi wangu. Kila kitu kinazama kwenye bitana." Akatumbukiza mkono hadi kiwiko, akavua kijiti. "Kumbe ndicho kinachonigonga paja kila nikienda kanisani!"

Desmond hakukipokea. "Kwanza simama pale, kando ya mboji."

"Panavyonuka hivyo?"

"Hata yeye alilalamika."

Bibi Hislop akasimama pale, akamkabidhi kijiti. Treni ikaondoka, ikampita padri, ikaingia bombani. Wageni wakapiga makofi ya adabu. Philippa akarudisha simu mfukoni, akajificha nyuma ya kibanda cha zana, akalia. Desmond akatazama magurudumu yakizunguka, akaona ni magurudumu tu.

Treni iliporudi, akamrudishia jirani kijiti.

"Nikiweke wapi?"

"Mfukoni."

"Si nimekwambia umetoboka!"

"Ndiyo," Desmond akasema. "Jumapili utakuja kukichimbua tena, hapa hapa."