Verna na Mfunga Virago

Verna Lahti alipotimiza miaka hamsini na mbili alikuwa amehama nyumba mara ishirini na tatu, zote humo humo Duluth, mji wa kaskazini mwa Marekani uliojibanza kwenye mteremko juu ya ziwa kubwa. Majirani wakianza kumzoea, wakianza kumgongea na sahani ya keki, basi mwezi hauishi utaona lori la kukodi limeegeshwa mlangoni. Wanaume watatu aliwaacha vivyo hivyo, na hakuna aliyempiga wala kumwibia. Wa mwisho, Roald, fundi bomba mpole kupindukia, alirudi kutoka kazini akakuta kikaratasi mezani: "Si kosa lako. Supu iko jikoni."

Kazi tu ndiyo iliyomweka. Miaka kumi na tisa aliendesha lori la kusukuma theluji la manispaa.

"Wewe mama ulizaliwa na magurudumu," Gus Pelkey, mwenzake wa zamu, alikuwa akimtania wakipakia chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani.

"Na wewe ulizaliwa bila breki za mdomo. Pakia!"

Aliyeshindwa kucheka ni Jolene, mtoto wake wa pekee. Jolene alisoma shule saba kabla hajafika sekondari. Sasa alikuwa muuguzi Minneapolis, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, ameolewa, na mwaka ule alikuwa mjamzito. Mwezi wa kumi akampigia mama yake simu.

"Mama, nataka uje mtoto akizaliwa. Wiki mbili."

"Nitakuja, mwanangu."

"Utakuja, halafu siku ya tatu utakumbuka umeacha pasi kwenye umeme. Nakujua. Nenda ukaongee na mtu kwanza. La sivyo, usije kabisa."

Verna alikata simu akazunguka meza ya jikoni kama mara kumi hivi. Kisha akatafuta namba.

Ndivyo alivyofika kwa Inga Halvorsen, mshauri wa tiba ya nafsi, mwanamke wa miaka sabini mwenye goti bovu, aliyekuwa na chumba juu ya duka la viatu. Verna hakuvua koti. Alikaa ukingoni mwa kiti, funguo za gari mkononi.

"Nikuambie mapema," alisema. "Mimi si kichaa. Mimi nahama tu."

"Sawa. Na hapo ulipokaa, unataka kuondoka?"

"Tangu nimeingia."

"Nafsi yako nzima, au kuna sehemu yako inayotaka?"

Verna akamtazama kama anayeuziwa gari bovu. Lakini swali lile lilimkaa. Maana ni kweli, kuna upande wake uliotaka kubaki. Ndio uliotafuta namba, ndio uliopanda zile ngazi.

Inga alimweleza kwa maneno machache. Mtu si kipande kimoja. Ndani kuna wengi, kila mmoja na kazi yake. Wengine wameshika kazi hiyo tangu utotoni na hakuna aliyewaambia kwamba hatari imepita. Hawafukuzwi, wanasikilizwa.

"Huyo anayetaka kuondoka, unamsikia wapi mwilini?"

"Miguuni. Na hapa, chini ya mbavu."

"Anafanya nini?"

Verna akatazama funguo mkononi mwake. "Anafunga virago," alisema, na sauti yake ikamshtua mwenyewe.

Wiki baada ya wiki, yakatoka. Verna alikuwa na miaka mitano mama yake aliposhindwa na ulevi, afisa wa ustawi wa jamii akaja kumchukua mtoto. Alipita nyumba sita za walezi. Kila alipohamishwa, nguo zake zilitiwa kwenye mfuko mweusi wa taka, na aliyezitia alikuwa mtu mwingine. Hata dubu wake wa kitambaa alichanganywa na viatu vyenye matope. Ndipo akajifunza kuufunga mfuko mwenyewe, kabla hawajaja. Angalau hilo liwe lake.

"Mwulize anaogopa nini akiacha hiyo kazi," Inga alisema siku moja.

Verna akafumba macho. "Anasema nitakutwa nimekaa. Nimevua viatu, nacheka na watu, halafu wanakuja."

"Anadhani una miaka mingapi?"

"Tisa."

"Tisa. Mbona tisa?"

"Sijui!" Verna akasimama, akavaa glavu. "Muda umeisha." Zilikuwa zimebaki dakika ishirini.

Mtoto alizaliwa mwanzoni mwa Februari, msichana, wakamwita Signe. Verna akashuka Minneapolis na sanduku dogo na sufuria ya supu ya mchele pori wa huko kwao. Siku ya kwanza alipika, akafua, akasukuma theluji barazani. Siku ya pili akasukuma na ya jirani. Siku ya tatu, Jumamosi, Jolene alikuwa kitandani akimnyonyesha mtoto, mumewe Curtis pembeni yake. Verna akapita na nguo zilizokunjwa. Jolene na Curtis wakamtazama mara moja, kwa wema kabisa, kisha wakarudi kumtazama mtoto.

Robo saa baadaye alikuwa barabarani, anaelekea kaskazini. Hakuaga.

Alipofika katikati ya njia aliingia kituo cha mafuta, ingawa tangi lilikuwa karibu kujaa. Akampigia Inga. Simu ikaita, ikaita, ikajibiwa na mashine. Akarudi garini. Ndani ya kichwa chake kulikuwa na sauti kali, ya mlezi wake wa nne: nani atakutaka wewe, umeona sasa, hata binti yako. Na chini ya hiyo, miguu inasema twende, twende, twende.

"Subirini," Verna alisema kwa sauti. Mzee mmoja aliyekuwa akijaza mafuta akageuka kumtazama. Verna akapandisha kioo.

"Sikufukuzi," alimwambia yule wa miguuni, Mfunga Virago. "Nataka kujua tu. Umeona nini kule chumbani?"

Akangoja. Hakuwa hodari wa kungoja. Halafu likaja, si kama wazo bali kama harufu ya poda ya watoto: nyumba ya tatu, kwa akina Beckman. Nyumba pekee aliyoipenda. Bibi Beckman alimfundisha kusuka nywele na kumruhusu amwite mama. Kisha Bibi Beckman akapata mimba. Mtoto akazaliwa, na siku chache baadaye wakamkalisha Verna kwenye kochi, wakamwambia kwa upole kwamba sasa nafasi haitoshi. Alikuwa na miaka tisa. Alikwenda chumbani akafungasha mwenyewe, akashuka kukaa kwenye ngazi za nje, na hakulia, kwa sababu mtoto alikuwa amelala.

Verna alilia pale kituoni mpaka vioo vikaingia ukungu. Katikati ya kilio alimwona yule binti wa kwenye ngazi, magoti pamoja, amevaa koti lisilomtosha. Inga alikuwa amemwambia kwamba siku atakapomwona mtoto aliyekuwa yeye, asimpe maneno matamu. Akae naye tu. Akakaa naye.

"Nina miaka hamsini na mbili," alimwambia hatimaye. "Naendesha lori la tani kumi na tano. Hakuna anayekuja kutuchukua tena."

Mfunga Virago hakuamini. Lakini aliinyamazisha miguu kwa muda uliotosha kugeuza gari.

Jolene ndiye aliyefungua mlango, mtoto begani, macho mekundu.

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Nilikimbia."

"Najua ulikimbia, Mama! Nina miaka thelathini nakuangalia ukikimbia!"

"Nimefika nusu ya njia. Nikarudi."

"Unataka nikupigie makofi?"

"Hapana. Nataka nikuambie kwa nini. Halafu unifukuze ukitaka."

Walikaa jikoni. Verna alimsimulia habari za akina Beckman, ambazo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, akinyanyuka mara nne kufuta meza safi. Jolene hakumkumbatia. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ungeniambia zamani. Mimi nilidhani unanikimbia mimi." Neno lile lilimchoma Verna kuliko yote, na safari hii hakuwa na pa kwenda nalo. Akabaki nalo pale pale kitini.

Alikaa siku kumi na moja, si kumi na nne. Siku ya kumi alisema mbele ya wote wawili, "Nimechoka kukaa, naondoka kesho saa nne, narudi Machi tarehe kumi." Curtis akaandika kwenye kalenda. Tarehe kumi akarudi kweli, ingawa dhoruba ya theluji ilikuwa njiani.

Bado anamwona Inga kila Alhamisi. Siku hizi anavua koti. Majuzi Jolene alimwambia kuna nyumba ndogo inauzwa mtaa wa pili kutoka kwao, kama anataka aje aione. Katika safari moja tu ya kuwaona, Verna ameshapita mbele ya nyumba ile mara sita, akipunguza mwendo kila mara, bila kushuka garini.