Hina ya Kukwepa Mashine

Kuna watu hapa mtaani Bulla Pesa ambao mpaka leo wakipita dukani kwangu huniangalia mikono kwanza ndio wanisalimie, na siwalaumu, kwa sababu aibu hiyo nilijipakia mwenyewe, tena nikakaa kwa mkeka nikingoja ikauke.

Mama yangu alikuwa ameletwa kutoka Meru haoni. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na alikuwa amefika mahali pa kunijua kwa sauti tu (nikikohoa ananiuliza wewe ni nani). Daktari alisema akipasuliwa ataona, ila bima ya afya iwe sawa kwanza, na bima ilikuwa kwa jina langu, kwa hivyo ilibidi twende wote wawili kwa usajili tuweke kidole kwa mashine.

Sasa wiki hiyo nilikuwa nimetumiwa klipu kwa simu, mhubiri fulani ambaye simjui hata kwao ni wapi, akieleza kwa sauti ya upole kabisa kwamba ile taa inayomulika kidole haisomi kitu, inaandika. Ati inakutia nambari ndani ya ngozi, ile ya mnyama wa siku za mwisho, na Maandiko yalishasema itawekwa kwa mkono wa kulia ama kwa kipaji cha uso. Niliitazama tena na tena huku nikiwapimia wateja sukari. Mama aone, hilo nilitaka kuliko kitu chochote, lakini mbinguni pia nilitaka. Nikajiuliza, je, kidole kikienda kikiwa kimefunikwa? Taa ipige rangi, ngozi ibaki yangu. Niliona nimempiga shetani chenga.

Jirani yangu, Mama Halima, ni Mborana na kazi yake ni kupaka maharusi hina. Jioni nikaenda kwake.

"Nipake ncha za vidole tu, ile hina nyeusi," nikamwambia.

"Ncha tu? Mama Kendi, watu watasema nimeishiwa na hina katikati ya kazi. Ukikaa kwa mkeka wangu unatoka umemalizwa."

Akaanza na vidole, akaingia kiganjani, akageuza mkono, maua yakapanda mpaka karibu na kiwiko, akahamia mkono wa pili. Katikati ya maua akaniuliza polepole, "Na ni nani?"

Swali lilikuwa halali (mimi ni mjane, Mmeru, muumini wa kanisa, na nimeketi hapo napambwa kama bibi harusi). Ningesema ukweli, lakini utaanzaje kumweleza jirani Mwislamu kwamba unamkwepa mnyama? Nikatabasamu tu. Hilo tabasamu ndilo liliniponza, maana Mama Halima alifurahi, na akifurahi hafurahi peke yake.

Asubuhi nilimshika mama mkono tukaingia foleni. Mbele yetu kulikuwa na mzee wa Garbatulla, mfanyabiashara wa ng'ombe, akageuka.

"Salaam aleikum, mama. Tumesikia. Mungu aweke baraka."

Nikasema asante, kwa adabu tu.

"Baraka ya nini?" sauti ikauliza nyuma yangu. Ilikuwa Mama Mchungaji wa kanisa letu. Akaangalia mikono yangu, akamwangalia mzee, akarudi kwa mikono. "Mama Kendi, hata kutuambia?" Alisema hivyo kama mtu aliyekuja matanga.

Hapo hapo tukaitwa. Dada wa usajili akachukua kidole cha mama, mashine ikalia kidogo, ikakubali. Hapo ndipo nilishtuka, kwamba katika mpango wangu wote mama hakuwemo. Nilikuwa nimejipanga kuokoka peke yangu.

Zamu yangu, mashine ikakataa. Nikafuta kidole kwa leso, ikakataa. Tukajaribu vidole vyote, vikakataliwa vyote.

"Hina imeziba," dada akasema. "Si neno, mama, tutatumia uso. Angalia hapa."

Akaelekeza kamera kwa kipaji changu. Nimekimbia mkono, nimeangukia kipaji! Bila kufikiri nikavuta leso mpaka kwa nyusi, nikaizungusha kidevuni, nikashikilia.

"Na kujitanda tayari," Mama Mchungaji akasema nyuma. Yule mzee, aliyekuwa kando akingoja karatasi zake, alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mama, bila kidole ama uso siwezi kufunga hii," dada akasema. "Na huyu shosho hatapasuliwa. Watu wanangoja."

"Karimi," mama akaniita, "unafanya nini?"

Nikainama nikamweleza sikioni kwa Kimeru, yote, klipu, hina, nambari (Mama Mchungaji ni Mturkana, hakuambulia kitu). Mkono wa mama ukapapasa mpaka ukapata uso wangu, akaiondoa leso.

"Mimi sikuoni," akasema. "Wacha basi hata mashine ikuone."

Nililia pale pale, na picha ikapigwa nikilia, na mpaka leo wakifungua jina langu hospitali yoyote ndiyo inatokea.

Jumapili niliitwa mbele ya kanisa niombewe, dada aliyekaribia kupotea kwa ndoa, nami nikasimama nikaombewa, kwa sababu ukweli ulikuwa na aibu kubwa kuliko uongo. Mama Halima nilimwambia ukweli. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ungeniambia tu," akasema, "uso pia ningekupaka."

Mama alipasuliwa. Siku ya kutolewa bandeji nilikaa mbele yake, akanitazama kwa muda mrefu, akasema, "Karimi, kumbe umezeeka hivi." Nilifurahi kama mtu aliyesifiwa. Halafu nikaona haya upya, kwa kuwa macho hayo ningeyaacha gizani kwa neno la mtu ambaye hata jina lake sikulishika. Maandiko bado nasoma. Lakini nimeapa, unabii wa kutumiwa kwa simu sitautii tena kabla sijauliza ni nani atakayebaki haoni.