Nilichanganya gundi na hagarsu, nikawaachia akina mama wa Biliqo aibu yangu

Wakuu, salaam aleikum. Na ndugu zangu wa kanisa, habari zenu.

Hii sikusimuliwa na mtu. Imenipata mimi, na nitaisema yote, hata pale inaponichoma.

Mimi ni mama wa hapa Isiolo town, nina pickup kuukuu na mdomo mrefu. Nabeba gundi kutoka Biliqo, ile inatoka kwa mti wa miiba wakati wa kiangazi. Akina mama huiokota wakichunga mbuzi. Kiongozi wao ni Mama Qabale, mtu wa maneno machache.

Kwa wale hawajui: gundi hii haina harufu, na ukiitia kwa maji inayeyuka yote. Ndiyo maana wenye viwanda wanaitaka kwa soda na peremende. Hagarsu ni utomvu wa mti mwingine. Inanuka, na ni chungu kama shubiri. Sisi hupaka mbuzi kufukuza kupe.

Basi mwaka jana tukapata mnunuzi mkubwa wa Nairobi. Akina mama walikuwa wamemngoja mtu kama huyo miaka mingi. Wakanipa magunia sita, safi kabisa.

Njiani, pale Merti, nikapakia gunia la hagarsu la mteja mwingine. Nafasi ikaisha, na mimi nataka kubeba abiria. Nikajiona mjanja. Nikafungua midomo ya yale magunia sita, nikaigawa hagarsu humo ndani juu ya gundi, nikasema nitaitoa nikifika.

Jua la huko mnalijua. Kufika Isiolo, hagarsu imelainika, imeshikana na gundi. Nikatoa ile niliyoiona kwa macho, nikafunga. Nani atajua?

Mnunuzi alikuwa akiningoja kwa duka moja hapo Isiolo; akachukua kipande, akakitia kwa glasi ya maji. Tukangoja. Maji yakawa meupe kama maziwa, na harufu ikajaa duka lote.

"Hawa mama wa Biliqo ni wachafu," akasema. "Sinunui kwao tena."

Na mimi, wakuu, nikanyamaza. Mimi mwenye mdomo mrefu! Astaghfirullah.

Siku ya tatu nikapakia magunia yote, nikarudi Biliqo. Liwalo na liwe.

Nikamwambia Mama Qabale kila kitu. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Akatandika mkeka, akamwaga gunia la kwanza, akasema, "Kaa."

Tulichambua kipande kwa kipande, siku nne. Ukiwa na shaka, unaonja: gundi inateleza tu kwa ulimi, hagarsu inakuchoma. Ulimi wangu ulikufa ganzi. Mgongo hata nisiseme. Lakini kila nikitaka kusimama nakumbuka lile neno "wachafu", naketi tena.

Magunia sita yakatoka matatu.

Nikampigia mnunuzi simu mpaka akachoka kukata. Akaja tena pale dukani Isiolo. Safari hii Mama Qabale alikuwa amekaa kando yangu, buibui yake ya Idd amevaa. Kipande kikatiwa kwa glasi. Kikayeyuka polepole, maji yakabaki angavu, hakuna harufu.

"Na ile ya kwanza, nani aliichanganya?" mnunuzi akauliza.

Mama Qabale akafungua mdomo. "Ni sisi..."

Wallahi, alitaka kunifunika! Nikamkatiza.

"Hapana, mama. Ni mimi. Hawa hawakujua lolote."

Mnunuzi akaagiza yale matatu yabebwe, na mpaka leo ananunua kwao.

Nilichojifunza ni hiki: ukibeba mali ya watu, umebeba na jina lao. Gundi yenyewe haifichi mtu. Itie tu kwa maji, itasema.

Haya, mawe yenu rusheni hapo chini, nayapokea. Na kama wewe pia umewahi kumwachia mtu aibu yako, sema, tusikie ulivyoirudisha.

Lakini mjue hii kwanza. Tangu siku ile, kila gunia la Biliqo lilikuja kwa pickup yangu limeshonwa mdomo, uzi mwekundu, mkono wa Mama Qabale mwenyewe. Sikulalamika. Nilistahili.

Wiki iliyopita nimeenda kupakia, nikakuta magunia yamefungwa kamba tu. Nikamuuliza uzi uko wapi.

"Umeisha," akasema, na uzi uko pale pale mkononi mwake.

Nililia mpaka Merti.