Mke Anayebana Pumzi Juu ya Ziwa Mweru

Saa moja asubuhi ukungu bado umelala juu ya Ziwa Mweru, na ukiwa ndani ya mtumbwi kisiwa cha Chisenga hukioni, unasikia tu majogoo yake. Mpundu ameketi ukingoni, mashavu yamevimba kama ya mtoto aliyekataa kumeza dawa. Mikononi ameshika kamba. Ncha ya pili ya kamba hiyo imefungwa kiunoni mwa mume wake, Sébastien, ambaye yuko chini ya maji.

Sébastien ni mzamiaji. Wavu ukinasa kwenye visiki vya chini ya ziwa, wavuvi wa Nchelenge, upande wa Zambia, humwita yeye akaunasue. Mkewe ndiye mshika kamba, na mumewe anapozama, naye hubana pumzi. Pumzi ikimwishia, anavuta. Hana saa nyingine.

Mwenye wavu, Goodson, anamkodolea macho mama huyu na hajui acheke au asali.

Mara kamba inavutwa kutoka chini. Mara mbili, taratibu. Hiyo ndiyo alama yao ya kutaka kutolewa. Mpundu anaachia pumzi, anavuta kwa mikono yote miwili mpaka kichwa cha mumewe kinaibuka.

"Mama Luse, mbona unanitoa?" anauliza Sébastien, akishika ubavu wa mtumbwi. "Miye sikuvuta kamba. Mikono yote ilikuwa ku wavu."

Mpundu anaikusanya kamba. Goodson ananusa hewa, anageuka huku na huku. "Nani iko anavuta tumbaku?" anauliza. Ndani ya mtumbwi hamna hata kiberiti, na hakuna mtumbwi mwingine karibu. Lakini harufu ipo, na wote watatu wanaisikia.

Mpundu hashangai tena. Anasema mambo haya yalianza mwaka huu wa 1999, Sébastien alipoacha sigara.

Sébastien alizaliwa Kilwa, ng'ambo ya pili, upande wa Kongo. Kazi ya kuzamia alifundishwa na kaka yake mkubwa, Jean-Claude, na pamoja na kazi alifundishwa saa yake. Saa hiyo ilikuwa sigara. Mzamiaji huiwasha, hupiga pafu moja, humkabidhi mshika kamba. Mshika kamba haivuti, anaiacha iungue vidoleni. Moto ukikaribia kucha, anamtoa mwenzake.

Kwa watu wasio na saa ya mkono, ulikuwa ujanja mzuri. Tatizo ni kwamba kati ya kuzama na kuzama ndugu hawa walivuta nyingine, na nyingine tena, kama watu wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Siku Jean-Claude alipokufa, kamba ilishikwa na kibarua mmoja aitwaye Watson. Watson hakusinzia wala hakuzubaa. Alisubiri moto ufike, kama alivyoagizwa. Sébastien, aliyekuwa upande wa pili wa mtumbwi, aliona mapovu yamekatika, akapiga kelele. Walipomtoa, kaka yake alikuwa amekwisha kufa, na vidoleni mwa Watson sigara ilikuwa bado nusu.

Ufukweni watu walisema yao. Wengine mamba, wengine uchawi. Mpundu aliifikiria ile nusu.

"Sigara urefu yake ni ile ile," anasema. "Kifua njo kilikuwa kinapunguka. Hakuna mutu alipima kifua."

Mwaka uliofuata Sébastien naye akaanza kikohozi cha alfajiri, kile kile cha kaka yake, kinachoanza na mluzi ndani ya kifua kabla mtu hajafungua mdomo. Mpundu aliusikia mluzi huo akiwa kitandani na akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Kulipokucha alimwambia mumewe kwamba yeye, aliyekuwa mshika kamba wake tangu msiba ule, hatashika sigara tena. "Ukitaka saa, niko hapa," alisema. "Nitabana pumzi pamoja na weye."

Ilimbidi aanze na biashara yake mwenyewe. Katika soko la Kashikishi Mpundu alikuwa akiuza tumbaku ya kusokotwa kwa vipande vya gazeti, na mtu hawezi kumkataza mumewe kitu anachokiuza mlangoni. Siku hizi anauza chumvi na sabuni. Faida haifiki nusu ya ile ya zamani, na hilo halifichi.

Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya. Sébastien aligombana na majirani, akagombana na kuku, akalala mchana na kukesha usiku. Nesi mmoja, Ennie, alimweleza Mpundu kwamba hamu ya sigara huja kwa nguvu, lakini ukiivumilia kidogo hupita. Ampe maji, ampe kitu cha kutafuna, ampe kazi ya mikono. Na akianguka asimfokee. Waanze upya siku hiyo hiyo. Mpundu akakaanga karanga, akamtafutia nyavu za kushona, akapita kwa marafiki zake mmoja mmoja kuwaomba wasimpe hata kipisi.

Nchi kavu, hamu ikaanza kulegea. Majini ilikuwa inamngoja.

"Kule chini kuko mutu anakohoa," Sébastien anasimulia, na sauti inamshuka. "Ile kikohozi ninaijua. Ni ya yaya yangu, kaka mukubwa. Anasema, moja tu, mudogo wangu, moja tu." Anapoulizwa mtu anawezaje kusikia maneno ndani ya maji, anagusa kifua. "Haipiti ku masikio. Inapita humu."

Akajishawishi kwamba kaka yake hana raha huko aliko, kwa kuwa hakuna anayemwashia tena. Asubuhi moja akaja mtumbwini na pakiti. Akawasha moja, akasema ni ya marehemu, akapiga pafu ili ishike moto, akaitupa majini. Kesho yake zikawa mbili, na pafu zikaongezeka. Kufikia Jumamosi marehemu alikuwa anamaliza nusu pakiti kwa siku, na mluzi umerudi kifuani mwa yule aliye hai.

Mpundu anakiri kwamba alitamani kufoka. Lakini alikumbuka maneno ya nesi, akakaanga karanga nyingine. Jumatatu akamwomba mumewe ampeleke mahali alipofia Jean-Claude.

Palikuwa na ukungu kama wa leo, na maji yametulia. Sébastien alikuwa ameketi sehemu ya nyuma ya mtumbwi, hajavua hata shati. Kamba ilikuwa mikononi mwa Mpundu, ncha yake imezama majini, haijafungwa kwa mtu wala kwa kitu. Akainama juu ya maji.

"Ba mulamu," alisema, maana kwa Kibemba ndivyo anavyomwita shemeji yake. "Zako ulishavuta, zilikwisha. Mwenye alibaki ni huyu mumoja. Kama unamupenda, usimuombe sigara. Umurudishe kwangu."

Majogoo ya Chisenga yakanyamaza. Kisha kamba ikavutwa, mara mbili, taratibu.

Sébastien aliiona ikikaza na kulegea kati ya vidole vya mkewe. Alipiga makasia mpaka ufukweni, akampa Mpundu pakiti ile, na hajawasha tena.

Ennie akisimuliwa habari hii hutabasamu. Anasema ziwa lina mikondo yake, na pua ya mtu anayeacha sigara hukumbuka harufu kwa muda mrefu. Huenda ni kweli. Pua ya Goodson, ambaye hajaacha chochote, hakuieleza.

Tangu siku ile kamba huvutwa mara kwa mara. Sébastien anasema huwa ni pale anaposahau mwili wake, anapopambana na kisiki na kuona amebakiza fundo moja tu la wavu. Kule chini hasikii tena mtu akiomba. Anasikia kikohozi, kwa mbali, halafu kiuno kinavutwa kuelekea juu. Mpundu hataki kujua zaidi ya hapo. Anapoongea habari hizi huwa anaangalia mikono yake, na mtu akigusa kamba ikiwa imeanikwa uani, humwambia aiache.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, mume na mke walikaa mkekani na kushindana kubana pumzi, binti yao Luse akiwa mwamuzi. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii Mpundu alishindwa. Alitweta, akafuta machozi, na mumewe bado amefumba mdomo, anamtazama. Anasema alifurahi mpaka akaona aibu mbele ya mtoto.

Lakini ushindi huo umezaa ugomvi mpya. Sébastien anadai kifua chake kimepona na saa ya mkewe sasa ni fupi mno. Anatolewa kabla wavu haujanasuka, anazama tena na tena, na wenye nyavu wananung'unika. Anataka watafute saa nyingine. Mpundu amekataa. Mpango wake ni kufanya hivi hivi mpaka mumewe azeeke na kazi imshinde.

"Nitamutoa mapema kila siku," anasema huku akiikunja kamba. "Akasirike, batu bacheke, nitamutoa. Na kama mulamu naye anavuta, basi tutavuta wawili."