Jino Alilokosa Waziri

Kila asubuhi, kabla chai haijagusa mdomo wake, Bibi Meno alikagua midomo ya wengine. Alivaa mabuti yake ya mpira, akanawa mikono kwa maji matupu, maana harufu ya sabuni iliwakera mbwa, kisha akaanza banda la kwanza mpaka la kumi na moja. Kwa kila mbwa alipiga goti. Alimpa kiganja anuse, akapitisha kidole gumba kwenye pembe ya mdomo, pale nyuma ya chonge pasipo na jino, na mdomo ukafunguka wenyewe kama mkoba. Alipapasa jino moja moja, akabonyeza fizi, akanusa pumzi. Mbwa mwenye jino bovu hana subira, na mbwa wa ulinzi asiye na subira humuuma hata anayemlisha.

"Bibi Meno, nitazame na mimi, gego linaniua!" walinzi walimtania wakibadilishana zamu getini.

"Lako linataka koleo," aliwajibu bila kugeuka. "Mimi nashughulika na wenye adabu."

Alikuwa na miaka arobaini na sita, hana mume, hana mtoto, na huo ubibi alipewa na walinzi tu. Alilala chumba cha uani nyumbani kwa mdogo wake. Shemeji yake, mume wa huyo mdogo wake, alikuwa dereva wa kampuni hiyo hiyo ya ulinzi. Ndiye aliyempeleka pale miaka tisa iliyopita, na hakuna mlo uliopita bila kukumbushwa. Chumvi ikizidi, "mimi ndiye niliyekutafutia kazi." Bati likivuja chumbani kwake, "mimi ndiye niliyekutafutia kazi."

Kampuni ilikodisha walinzi na mbwa. Mwaka mmoja bosi alirudi kutoka mafunzo ya wiki mbili akiwa na karatasi ndefu yenye picha za mbwa, mbegu kwa mbegu, akaamuru vibao vipakwe rangi. Kibao chekundu, hatari. Kibao cha kijani, salama. Mbwa alipewa kibao siku ya kushushwa garini, kabla hajabweka hata mara moja. Waziri, mweusi mwenye madoa ya kahawia juu ya macho, alipewa chekundu akiwa na miezi minne, yumo ndani ya boksi, amejikojolea kwa woga.

"Bosi, huyu hata meno hajamaliza kuota," Bibi Meno alisema siku hiyo.

"Mbegu hiyo ni ya wauaji. Karatasi inasema."

"Karatasi imewahi kumlisha?"

Bosi akamwambia karani aandike kwamba mama wa mabandani ni mbishi.

Hapo ndipo kosa la pale lilipoanzia. Kwa wekundu kila mtu alikuwa macho, akifunga komeo mara mbili. Kwa wa kijani mikono ililegea. Milango yao iliachwa wazi, wageni waliacha watoto wao wawavute masikio. Na Pamba, kijibwa cheupe cha mke wa bosi, hakuwa na banda kabisa. Kibao chake cha kijani, kidogo kama kifungo cha koti, kilining'inia shingoni, na ofisi nzima ilikuwa yake.

Mikononi mwa Bibi Meno kulikuwa na makovu tisa. Matano yalitoka kwa vijibwa vya kijani. Matatu yalitoka kwa mbwa wa mitaani waliookotwa wakiwa na njaa. Moja, refu kuliko yote, lilitoka kwa kaka yake Waziri, aliyekaa wiki tatu na sikio linalooza kwa sababu hakuna mtu aliyethubutu kumsogelea. Bibi Meno hakuwa mjinga. Alijua taya la Waziri lingevunja mfupa ambao Pamba angeishia kuutoboa, na hakuwahi kumfungulia mbwa mkubwa mbele ya mtoto. Ila nguvu ya kuuma ni jambo moja na hamu ya kuuma ni jingine, na karatasi ya bosi ilikuwa imeyamimina yote kwenye sufuria moja.

Waziri alikuwa na upungufu mmoja. Mwaka uliotangulia radi ilipiga karibu, akang'ata waya wa banda, na chonge lake la chini kushoto likavunjika. Daktari wa mifugo wa wakati ule aliling'oa mpaka mzizi, kisha akahamia kwingine. Pengo likapona. Kila asubuhi kidole cha Bibi Meno kilipita hapo, kwenye fizi laini, na Waziri akafumba macho.

Jumatatu moja shule zikiwa zimefungwa, shemeji alikuja kazini na binti yake wa miaka mitano. Ilikuwa mchana. Bibi Meno alikuwa jikoni kwa mbwa, akikoroga sufuria, aliposikia ukelele. Alikimbia na mwiko mkononi. Mtoto alikuwa kando ya gari, mkono unachuruzika damu, baba yake amemkumbatia. Hatua tatu kutoka hapo, Waziri alikuwa ndani ya banda lake akibweka.

"Ameingiza mkono kwenye waya!" shemeji alipiga kelele kabla hajaulizwa. "Lile jitu limemuuma mwanangu!"

Bibi Meno alitazama chini. Mlangoni mwa gari kulikuwa na vipande vya biskuti. Kwenye waya wa Waziri hakukuwa na tone la damu. Pamba alikuwa akitimua mbio kuelekea ofisini, mkia katikati ya miguu.

Kwenye zahanati, nesi alipoosha jeraha, Bibi Meno alihesabu. Matundu manne. Mawili juu, mawili chini. Alipoweka kidole chake kimoja katikati ya yale ya juu, kilijaza nafasi yote. Kwa Waziri, hapo vinaingia vidole vitatu.

Waliporudi, Pamba alikuwa mapajani mwa mke wa bosi, manyoya yamelowa, ananukia sabuni. Pamba alikuwa akiogeshwa Jumamosi tu.

Jioni ile, nyumbani, Bibi Meno hakungoja chakula kiive.

"Shemeji, nani alimfungulia Pamba mlango wa ofisi?"

"Umeanza."

"Mtoto alikuwa na biskuti. Kile kijibwa kiliruka kikadaka mkono. Ulikuwepo, umeona."

Shemeji alicheka bila furaha. "Kwa hiyo niende kwa bosi nimwambie mbwa wa mkewe kamuuma mwanangu, na mimi ndiye niliyemfungulia nikimwachia mtoto acheze naye? Kesho nani ataendesha lile gari? Wewe?"

"Watamuua Waziri."

"Wamuue! Yule si kiumbe wa kukaa na watu. Mbegu yake yote ifutwe."

Bibi Meno alimgeukia mdogo wake, aliyekuwa amempakata mtoto kitandani. "Na wewe mama mtoto, huna neno?"

"Dada," mdogo wake alisema, akiifunga bandeji ambayo tayari ilikuwa imefungwa, "mwanangu kaumwa, wewe unalilia mbwa. Ungekuwa umezaa, ungejua."

Neno hilo halikuwahi kusemwa ndani ya nyumba ile kwa miaka tisa. Bibi Meno aligundua kuwa mwiko wa kazini alikuwa bado ameushika tangu mchana, akaenda nao chumbani kwake.

Jumatano saa nne asubuhi bosi aliwaita wote uani. Alikuwepo mkewe na Pamba kwapani, walinzi wa zamu mbili, shemeji, mdogo wake, mtoto na bandeji yake. Daktari mpya wa mifugo alisimama pembeni na mkoba wake, viatu vyake safi mno kwa uwanja ule.

"Suala ni fupi," bosi alisema. "Mbwa kauma mtoto. Mteja akisikia bado tunaye, ameondoka. Leo anachomwa sindano, tunafunga ukurasa."

"Bosi, mtoto ana matundu manne," Bibi Meno alisema. "Waziri ana chonge tatu. Naomba muone kwa macho yenu."

Hakungoja ruhusa. Alifungua komeo, mara mbili, akamtoa Waziri kwa mnyororo mfupi. Watu wote walirudi nyuma mpaka migongo ikagusa ukuta. Alipiga goti katikati ya uwanja, akampa kiganja, akapitisha kidole gumba. Mdomo ukafunguka.

"Hapa, chini kushoto. Pengo. Njooni muone."

Hakuna aliyesogea.

"Daktari, hiyo ndiyo kazi yako. Njoo."

"Mama, kwa usalama, mimi nitamkaribia akiwa amefungwa mdomo."

"Ukimfunga mdomo utaona jino gani?"

Walinzi wakacheka. Yule wa gego akajitutumua, akapiga hatua mbili mbele. Waziri akapiga mwayo. Mlinzi akaruka nyuma akamkanyaga mwenzake, na kicheko kikawa kikubwa zaidi.

"Naona hapa hapa nilipo," bosi alisema kutoka mlangoni mwa ofisi, umbali wa magari mawili. "Meno yamejaa mdomo mzima."

"Hujaona kitu, bosi. Unaogopa."

"Chunga ulimi wako! Aulizwe mtoto. Binti, mbwa gani alikuuma?"

Mtoto alimtazama baba yake. Baba yake akakohoa.

"Waziri," mtoto alisema.

"Umesikia!" mke wa bosi alisema, akasogea amshike mtoto shavu. "Pole, mrembo wangu."

Pamba alikuwa kwapani mwake bado. Mtoto alipomwona anakuja alipiga yowe, akakimbia. Alikimbilia upande wa Waziri, akampita kwa urefu wa mkono, akajificha nyuma ya mgongo wa Bibi Meno. "Mama mkubwa," alisema, akishika khanga yake kwa mkono ulio mzima. Waziri aligeuza kichwa, akamnusa nywele, akarudi kuegemea goti la Bibi Meno.

Kila mtu alikuwa ameona. Bibi Meno alimtafuta mdogo wake kwa macho, na mdogo wake alikuwa ameona vizuri kuliko wote, kwa sababu alikuwa ametazama chini, anahesabu vidole vya miguu yake.

"Mama mtoto," Bibi Meno alisema. "Sema."

"Dada, usinitie katika mambo ya kazi za watu."

Shemeji alikuja akipita karibu kabisa na Waziri, akamvuta mtoto. Hakuonekana kumwogopa sana Waziri alipokuwa anaharakisha.

"Tumepoteza muda," bosi alisema. "Bibi Meno, mshike mbwa, daktari afanye kazi yake. Hutaki, walinzi wana marungu. Chagua."

Aliwatazama walinzi. Wawili walikuwa tayari wameyachomoa, wanayapima uzito. Alijua kazi ya rungu kwa mbwa mwenye mwili ule. Ingekuwa ndefu.

"Lete sindano yako," alimwambia daktari.

Alikaa chini kabisa, udongoni, akamlaza Waziri mapajani. Alimpa kiganja anuse. Waziri alinusa, halafu, kwa kuwa ilikuwa bado asubuhi na mkono ni ule ule, akafungua mdomo mwenyewe asubiri kidole. Bibi Meno alikipitisha kwenye pengo, akakiacha hapo. Daktari alichoma mguu wa nyuma, akakosa mshipa, akachoma tena. Waziri hakuuma. Kidole cha mtu kilikuwa mdomoni mwake na sindano mbili mguuni, na hakuuma.

Ilipokwisha, daktari alisubiri kidogo, kisha akachuchumaa. Sasa aliweza. Aliinua mdomo kwa ncha ya kalamu, akatazama juu, akatazama chini.

"Kweli," alisema taratibu. "Chini kushoto halipo. Limeng'olewa zamani."

Wote walimsikia.

Bosi alijikuna shingo. "Sawa. Lakini mbegu hii bwana, kama haikuwa juzi ingekuwa kesho." Akawageukia walinzi. "Mfukieni kule nyuma. Na mabanda yasafishwe, mchana nina wageni."

Bibi Meno aliondoa kichwa cha Waziri mapajani mwake akakilaza juu ya mnyororo uliokunjwa. Alienda bandani, akachomoa kibao chekundu kwenye msumari. Akaingia ofisini na matope yake, akamkuta mke wa bosi amekaa kitini, Pamba mapajani.

"Toka na hayo mabuti, unachafua zulia!"

Bibi Meno aliweka kibao mezani mbele yake. Pamba alikiona kidole kikipita karibu na pua yake, akakidaka. Mke wa bosi akamvuta kwa haraka. Bibi Meno aliinua mkono, akautazama. Matundu manne madogo, damu inaanza kutoka.

"Kovu la kumi," alisema. "Kibao mnacho hapo. Siku mtakapopata ujasiri wa kukitundika shingoni mwa huyu."

Alivua mabuti palepale juu ya zulia, kushoto na kulia, akatoka peku mpaka jikoni kwa mbwa kuchukua kandambili zake.

"Dada!" mdogo wake aliita kutoka kwenye gari. "Dada, ngoja, shemeji yako atatupeleka wote nyumbani!"

Shemeji alikuwa ameshawasha injini. "Mwache, atarudi. Atalala wapi? Mimi ndiye niliyemtafutia kazi."

Getini yule mlinzi wa gego alikuwa ameketi, rungu kati ya magoti. Hakuwa na utani. Alisimama kumfungulia mlango mkubwa, ule wa magari.

"Mama," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "kesho nani atawatazama hawa kumi?"

"Wewe una macho. Ila utalazimika kusogea."

Kwenye njia panda, mkono wa kushoto kulikuwa na nyumba ya mdogo wake na chumba cha uani, ndani yake sanduku, khanga tatu na ndoo chini ya bati linalovuja. Hakupinda kushoto. Gari la shemeji lilimpita, likapiga honi, likapunguza mwendo. Mtoto alikuwa amegandisha uso kwenye kioo cha nyuma. Bibi Meno alimpungia mkono wenye damu, akaendelea kunyoosha barabara, na tangu siku hiyo hakurudi tena, si kwa hao mbwa kumi wala kwa hao watu watatu.