Jibu Lililotangulia Swali

Kazini walimwita Bi Soma-Kwanza, wala jina hilo halikumkera. Alitunza seva, kompyuta kuu ya hospitali, katika chumba kisicho na dirisha, chenye baridi ya kumvalisha sweta mwaka mzima. Kazi yake ilikuwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi: sakinisha hiki, sasisha kile, ondoa kile kingine. Programu huja kama vifurushi, na kila kifurushi hutegemea jamaa zake. Ukikaribisha kimoja umekaribisha ukoo, na huenda ukoo huo haupatani na waliomo ndani. Ndiyo maana mashine, kabla ya kutenda, hutaja watakaoingia na watakaotoka, kisha huuliza: niendelee? Wenzake waliandika "ndiyo" ndani ya amri yenyewe, wasisumbuliwe na swali. Yeye alisoma mstari kwa mstari.

"Shoga, hiyo ni mashine, si mchumba," karani wa mapokezi alimtania. "Jibu tu ndiyo!"

"Hata mchumba ningemsoma kwanza."

"Ndiyo maana huna!"

Asubuhi hiyo mkuu wake alitaka seva isasishwe kabla madirisha ya kuhudumia wagonjwa hayajafunguliwa. Kabla hajaigusa kibodi, simu ikalia. Alikuwa kaka yake, anayeishi na mama yao.

"Dada, mama ameamka vizuri leo. Anakuulizia, kwa lile jina lako la utotoni."

Mama yao alikuwa akisahau watu mmoja baada ya mwingine, kama taa zinavyozimwa vyumbani, na taa ya binti ilikuwa imezimwa siku nyingi. Asubuhi kama hizo ziliadimika, wala hazikufika mchana.

"Mwambie niko njiani."

"Usichelewe, dada. Unajua hali yake."

Angeweza kuiacha seva. Lakini aliona ni kazi ya kufumba na kufumbua. Mkono mmoja ukivuta mkoba, aliandika amri, na kwa mara ya kwanza akaliandika na jibu humo humo. Mistari ikapanda mbio. Mkoba ulikuwa tayari begani macho yake yaliponasa neno moja likipita: inaondolewa. Kando yake palikuwa na jina la programu inayotunza majalada ya wagonjwa. Haikupatana na mgeni mmoja, mashine ikaitoa, kwa ruhusa yake mwenyewe.

Karani akapiga simu. "Shoga, kuna nini huko? Natafuta jalada, naona patupu. Watu wamejaa, na hapa kuna mjamzito ameshikilia ukuta."

Taarifa zenyewe zilikuwa salama. Kilichokosekana ni programu ya kuzisoma, na toleo lile la zamani halikutolewa tena kule vifurushi vinakochukuliwa. Akauweka mkoba chini. Akapekua akiba ya seva, vinamoachwa vifurushi vya zamani, akakipata kifurushi chake. Kikadai jamaa zake, nao wakadai wa kwao. Safari hii alisoma kila mstari. Simu yake iliwaka kwa jina la kaka yake, ikazimika, ikawaka. Hakuipokea, alijua akiisikia sauti ile vidole vitamsaliti.

Majalada yaliporudi, alikifungia kifurushi kile kisiguswe tena na usasishaji wowote, akatoka mbio na sweta lake. Jua lilikuwa limeshapita utosi.

Kaka yake alifungua mlango bila salamu, akampisha. Mama alikuwa kitini, nywele zimechanwa vizuri, anatazama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mgeni." Akamwonyesha kiti. "Keti, ila usipige kelele. Nasikiliza mlango. Binti yangu yuko njiani, kaka yake kaniambia."

Bi Soma-Kwanza akaketi. "Anatoka mbali?"

"Kazini. Huyo akisema anakuja, anakuja."

"Basi tumngoje."

Wakamngoja.