Kilo Mbili za Gunia

Mwaka 1986 nilikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai huko Kibugu, na gereji ya Ciakuthii ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni pangu. Alikuwa amesomea umekanika katika chuo cha ufundi cha kijiji, msichana pekee darasani. Kwa miaka mitano watu walimletea pancha na pampu za dawa ya mimea. Injini walizipeleka Embu, kwa wanaume. Hakunung'unika, ila alikuwa na kichwa kigumu, na mimi nawajua watu wenye vichwa vigumu, maana kazi yangu ilikuwa kuwakatalia wakulima majani mabaya.

Mwezi wa nane alikuja Kinoti, mwalimu kutoka Meru aliyekuwa akishindana kwa kigari chake kidogo kwenye uwanja wa vumbi. Kila alipokanyaga mafuta mpaka mwisho, injini ilikohoa na kuishiwa nguvu. Mafundi wawili walikuwa wamemfungulia kabureta bila mafanikio. Ciakuthii aliisikiliza, akasema ni springi za vali. Injini ikikimbia sana, springi iliyochoka haiwahi kuirudisha vali mahali pake, na siku moja pistoni itaigonga na kila kitu ndani kitavunjika. Kinoti akamwachia injini. Mashindano yalikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na kama injini ingemaliza, Ciakuthii angekuwa fundi wa injini mbele ya macho ya watu wote. Alikuwa ameingoja nafasi hiyo tangu atoke chuoni.

Springi nane mpya alizinunua mjini Embu kwa Mzee Elphas, muuza spea na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Fundi mwingine angezifunga tu. Yeye alitaka kwanza kujua kila moja inasukuma kwa nguvu kiasi gani, na mizani ya karibu iliyoning'inia ilikuwa ya kituo changu.

Jumatatu, lori la chai lilipoondoka, alikuja na kifaa alichokichomelea mwenyewe, bolti ndefu na vipande viwili vyembamba vya chuma. Aliining'iniza springi kwenye ndoano, akavuta bolti mpaka springi ikabanwa kufikia urefu inaokuwa nao ndani ya injini, kisha akasoma mshale. Kitabu kilisema kilo ishirini na nne. Mshale ulisema ishirini na mbili. Akaweka ya pili, ishirini na mbili. Zote nane zilikuwa hivyo.

"Karani, hii mizani yako iko sawa?"

"Kama iko sawa kwa chai ya mama yako, itakuwa sawa kwa vyuma vyako," nilimjibu, nikajiona hodari wa maneno.

Kesho yake, Jumanne ya soko, aliingia dukani kwa Elphas wateja wakiwa wamejaa. Nilisimuliwa na watu watatu, na hawakutofautiana. Aliweka boksi juu ya kaunta akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mzee, hizi springi si mpya. Mmeziosha na petroli mkaziweka kwa boksi." Elphas hakubishana. Alimrudishia pesa zake, akatoa rafuni maboksi yote ya springi akayaweka chini. Wateja wawili walitoka bila kununua kitu.

Alhamisi Ciakuthii alirudi kituoni na springi za zamani za injini ya Kinoti, apate kuchagua zilizo afadhali. Moja ilisoma kumi na saba, nyingine kumi na tisa, nyingine ishirini, nyingine kumi na sita. Akaacha kupima. Alikaa juu ya gunia.

"Springi za zamani hazichoki zote sawa," alisema. "Zile za Elphas zilikuwa sawa zote nane."

Akaenda duka la jirani akarudi na pakiti ya unga ya kilo mbili. Akaitundika kwenye ndoano. Mshale ukapanda, ukasimama kwenye sifuri.

Mshale ule nilikuwa nimeurudisha nyuma kwa mkono wangu mwenyewe, kilo mbili, kufidia uzito wa gunia na umande. Kila mkulima wa Kibugu alijua hivyo. Ciakuthii alijua tangu akiwa mtoto. Lakini tulishazoea kuuona mshale umelala chini ya sifuri mpaka hatuuoni tena. Springi za mzee zilikuwa kilo ishirini na nne kamili.

"Mwandikie barua," nilimshauri. "Au pitia mlango wa nyuma jioni, ukazichukue kimyakimya."

"Nilimtukana mbele ya watu, Karani. Siwezi kumwomba msamaha mahali hakuna mtu."

Ijumaa asubuhi alienda Embu, mimi nikabaki na chai yangu. Alingoja duka lijae. Akasimama palepale aliposimama Jumanne, akatumia sauti ileile. "Mzee Elphas, springi zako ni mpya. Nilizipima vibaya. Mbaya ni mimi."

Elphas alimtazama. "Siku tatu nimekuwa nikifungua maboksi yangu mwenyewe usiku," alisema. "Nilianza kufikiri labda ni kweli, labda wale walioniletea walinidanganya." Akainama, akamtolea boksi lake. Ciakuthii aliniambia maneno hayo yalimuuma kuliko kama angemfukuza.

Alizifunga zote nane siku hiyo hiyo, akiizungusha injini kwa mkono baada ya kila moja. Jumamosi Kinoti alikuwa wa tatu kule Meru, na injini haikukohoa hata mara moja.

Wiki mbili baadaye kazi aliyoitamani ilikuja yenyewe. Mtu wa Karurumo alisimamisha pikapu mbele ya gereji, akasema amesikia habari za gari la mwalimu na anataka injini yake ifunguliwe yote. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kikombe changu cha chai.

"Jambo moja tu," akasema yule mtu. "Spea usininunulie kwa Elphas. Nasikia huyo mzee anauza springi za zamani."

Ciakuthii akaweka spana chini. "Ni nani amekuambia?"

"Watu. Kila mtu anajua."

"Ni mimi nilisema hivyo, na haikuwa kweli. Springi zilikuwa nzuri, mimi nikashindwa kuzipima."

Yule mtu akamtazama, akaitazama pikapu yake. Akasema atarudi siku nyingine. Akageuza gari, akaenda zake.

"Mbona hukunyamaza tu?" nilimuuliza. "Umepoteza kazi."

"Na mzee je, yeye amepoteza ngapi?" alisema, akavuta gurudumu la baiskeli lililokuwa na pancha.

Nilibaki na kikombe changu. Haya ilinishika, kwa sababu mshale niliurudisha mimi, na nilikuwa nimesimama pale mtu akimsema Elphas, nikanywa chai. Jumanne iliyofuata nilifunga kituo saa nne, nikaenda Embu, nikangoja duka lijae.